PENGO LANGU NA JINO LA MADINI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Kila muhula wanapokuja wanafunzi wapya, haipiti juma moja bila mmoja wao kuniuliza: "Kaka, mbona jino lako unalitoa na kulirudisha?" Hunikuta asubuhi kwenye mabomba nikilisugua mkononi kama mtu asuguaye kifungo cha shaba. Wengi hucheka, na mmoja mwaka jana alikimbia akaacha ndoo yake. Nami nimechoka kueleza habari ile ile kwa kila mtu peke yake, kwa hiyo nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu niieleze mara moja tu. Kwanza nitasimulia jinsi jino lenyewe lilivyopotea, maana katika hilo lipo jambo ambalo kila mchezaji wa mpira hapa shuleni yampasa alijue. Kisha nitaeleza jinsi madaktari wa siku hizi wanavyopanda jino la madini ndani ya mfupa wa taya, na kwa nini mimi niliambiwa ningoje, ijapokuwa baba alikuwa tayari kulipa.

Nilipokuwa Kidato cha Pili nilikuwa golikipa. Siku moja tulicheza na shule ya jirani, na katika kipindi cha pili mimi na mshambuliaji wao tuliurukia mpira mmoja. Mimi niliupata mpira, na goti lake likanipata mimi mdomoni. Nilipoinuka nilitema damu, na pamoja na damu likatoka jino zima, la mbele la juu, pamoja na mzizi wake. Nilistaajabu kuona urefu wa mzizi huo. Sehemu ya jino tunayoionyesha watu tunapocheka ni ndogo kuliko ile iliyofichika ndani.

Rafiki yangu mmoja aliliokota lile jino mchangani. Alilifuta kwa fulana yake, akalisugua vizuri mpaka likang'aa, akalifunga katika karatasi ya daftari na kunitilia mfukoni. Sote tuliona amefanya jambo la busara sana. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa, gari halikupatikana, nikalala na kitambaa mdomoni. Kesho yake mchana tulifika kwa daktari wa meno, nami nikaitoa ile karatasi kwa fahari. Daktari alilitazama jino, akalitazama pengo, akasema: "Kijana wangu, jino hili limekwisha kufa. Lau mngalilitia katika maziwa na kuja upesi, pengine lingalipona."

Mimi nilidhani ananitania. Maziwa na jino, wapi na wapi? Lakini alinieleza, na maelezo yake ndiyo ninayowapa ninyi. Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Limeninginizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi ndogo ndogo zilizo hai, ambazo upande mmoja zimeshika mzizi na upande wa pili zimeshika mfupa. Unene wa tabaka la nyuzi hizo ni kama sehemu ya tano ya milimita moja tu. Jino linapong'oka kwa kishindo nyuzi hukatika katikati, na nusu yake hubaki juu ya mzizi, zikiwa bado hai. Zikikauka hufa. Rafiki yangu aliposugua jino mpaka likang'aa, alikuwa anazifuta zile nyuzi ambazo zingaliweza kulishika tena.

Basi, mwenzenu akipigwa hata jino lake likatoka zima, lishikeni kwa upande wa kutafunia, msiuguse mzizi. Likiwa na mchanga lisuuzeni kidogo kwa maziwa au maji safi, wala msilisugue. Bora kuliko yote ni kulirudisha pale pale katika tundu lake, likielekea kama lilivyokuwa, kisha aume kitambaa safi na kwenda hospitali upesi. Mkiogopa kulirudisha, litieni katika maziwa baridi. Maziwa hayapo, mwenyewe atemee mate katika kikombe na jino litiwe humo. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani, na likiwa kavu zaidi ya saa moja tumaini hupungua sana. Meno ya utoto hayarudishwi, kwa kuwa yanaweza kuliharibu jino la ukubwa lililo chini yake. Jambo linalonichoma mpaka leo ni kwamba siku ile jikoni kwetu kulikuwa na maziwa ya chai ya walimu, hatua chache kutoka uwanjani.

Haya, jino limekwenda. Mtu mwenye pengo afanye nini? Anaweza kuliacha hivyo hivyo, na wazee wengi wameishi miaka mingi na mapengo yao wala hawakufa kwa hayo. Lakini meno ya jirani huanza kuegemea penye nafasi, na jino la upande wa pili, lisilopata mwenziwe wa kugongana naye, hujitokeza kidogo kidogo. Tena pengo la mbele humfanya mtu afumbe mdomo hata pale anapotaka kucheka. Mimi nilijiuzulu katika kamati ya mdahalo kwa sababu ya herufi moja tu, herufi "f", ambayo ilikuwa inatoka na upepo mwingi.

Dawa ya kwanza na ya bei rahisi ni jino la kuvaa na kuvua, lililotengenezwa kwa plastiki juu ya kibamba chenye rangi ya ufizi. Ndilo nililo nalo. Usiku hulivua nikaliweka katika kikombe cha maji. (Maji yawe baridi; ya moto hukipinda kibamba, nami nawaomba wale wa bweni letu wanaolificha wakati wa taa kuzimwa waache mchezo huo.) Dawa ya pili ni daraja: daktari huyachonga meno mawili ya jirani, akayavika kofia, na katikati ya kofia hizo akaning'iniza jino la bandia. Ni imara, lakini meno mawili mazima yamechongwa ili kuliziba pengo moja, na jino likisha kuchongwa halirudi lilivyokuwa.

Dawa hizo mbili zina kasoro ambayo sikuielewa mpaka nilipomkumbuka bibi yangu, mzaa baba. Yeye ana meno ya bandia ya taya zima la chini. Yalipokuwa mapya aliweza kutafuna mahindi ya kuchoma, na alitutisha wajukuu kwa kuyatoa ghafula. Miaka ilivyopita yakaanza kulegea, na sasa akicheka sana huyashika kwa mkono. Nilidhani meno yamechakaa. Kumbe meno ni yale yale, taya ndilo lililopungua. Mfupa wa taya uko pale kwa ajili ya kushika mizizi ya meno. Mzizi ukiondoka, mfupa hauna kazi, nao mwili huupunguza kama mtu avunjavyo ghala tupu. Katika mwaka wa kwanza baada ya jino kung'oka, ukingo wa mfupa mahali pale unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Jino la kuvaa hukaa juu ya ufizi tu, na daraja hupita juu ya pengo. Yote mawili hayaupi mfupa kazi yoyote. Hapo ndipo ilipokuja fikira ya kuweka ndani ya mfupa kitu badala ya mzizi.

Fikira hiyo ni ya zamani sana. Katika mwaka 1931, huko Honduras katika Amerika ya Kati, ilichimbuliwa sehemu ya taya la mtu wa kabila la Wamaya aliyeishi karibu na mwaka 600 baada ya Kristo. Penye matundu ya meno yake matatu ya mbele ya chini palikuwa na vipande vitatu vya kombe la baharini, vilivyochongwa mfano wa meno. Baadaye taya hilo lilipopigwa eksirei ilionekana kwamba mfupa ulikuwa umeota kuvizunguka baadhi ya vipande hivyo, maana yake viliwekwa mtu akiwa hai. Baada ya hao, watu wa nchi nyingi walijaribu dhahabu, chuma na vitu vinginevyo, lakini mara nyingi mwili ulikizungushia kitu kile utando laini, kikatikisika, kikatoka.

Siri ilifunguliwa na mtu ambaye hakuwa akitafuta habari za meno hata kidogo. Jina lake Per-Ingvar Brånemark, Mswidi, aliyezaliwa mwaka 1929. Katika miaka ya 1950 alikuwa anachunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa. Alitia katika mifupa ya miguu ya sungura vidude vidogo vya kuchungulia, vilivyotengenezwa kwa madini yaitwayo titani. Vidude hivyo vilikuwa vya gharama, na alipomaliza uchunguzi alitaka kuvitoa avitumie tena kwa sungura wengine. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota na kushikana navyo kabisa, hata havikuweza kutolewa bila ya kuuvunja mfupa. Mwingine angalikasirika kwa kupoteza vyombo vyake. Yeye akajiuliza kama mfupa unaweza kushika madini haya namna hii, je, hauwezi kushika jino?

Alijaribu kwa wanyama miaka mingi. Mwaka 1965, katika mji wa Gothenburg, alimtia mtu wa kwanza, aliyeitwa Gösta Larsson. Huyu alizaliwa na kasoro za kinywa na taya, na chini hakuwa na meno. Alipandikizwa parafujo za titani katika taya la chini, na juu yake yakafungwa meno. Larsson alikula kwa meno hayo miaka zaidi ya 40, mpaka alipofariki mwaka 2006. Hata hivyo madaktari wengi hawakusadiki. Walifundishwa kwamba madini yakipita katika ufizi kuingia mfupani lazima yataleta usaha. Ilikuwa mwaka 1982, katika mkutano wa wataalamu mjini Toronto, Kanada, ndipo ushahidi wa miaka yote hiyo ulipowekwa mezani na kazi hiyo ikakubaliwa duniani. Brånemark alifariki mwaka 2014. Mimi humfikiria zaidi yule Larsson, aliyekubali kufungua mdomo wake kwa jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kufanyiwa.

Kwa nini titani? Madini haya yanapokutana na hewa hujifunika mara moja kwa ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, ambayo majimaji ya mwili hayawezi kuila. Chuma kingepata kutu. Juu ya ngozi hiyo mfupa hukubali kuota na kushikana. Wala titani si kitu cha mbali nasi. Mchanga wenye asili ya madini haya ulichimbwa Kwale, katika pwani ya Kenya, mpaka uchimbaji ulipokoma mwisho wa mwaka 2024. Sehemu kubwa ya mchanga wa namna hiyo duniani haifanywi madini matupu bali unga mweupe wa rangi za nyumba, na unga huo huo hutiwa katika dawa nyingi za meno ili zionekane nyeupe. Kwa hiyo yawezekana hata wewe, msomaji, umesukutua titani leo asubuhi.

Kazi ya kupandikiza hufanyika hivi. Daktari huanza kwa kupiga picha ya taya ili ajue upana na kina cha mfupa, na mahali inapopita mishipa. Siku yenyewe humdunga mgonjwa sindano ya ganzi, akaufungua ufizi, akatoboa mfupa kwa keekee ndogo. Keekee hiyo huzungushwa polepole na kumwagiwa maji baridi wakati wote, kwa sababu mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa muda wa dakika moja tu huweza kudhurika, na mfupa uliokufa hauwezi kushikana na kitu. Mwili wetu wenyewe una nyuzi 37, basi tazameni jinsi nafasi ilivyo ndogo. Ndipo huitia parafujo ya titani, yenye urefu wa milimita kama 10 na unene wa milimita kama 4, akashona ufizi. Kisha kwa kawaida ni kungoja, miezi mitatu hata sita. Mfupa haupokei amri ya mtu. Ukisha kushika, daktari huunganisha kijiti kifupi juu ya parafujo, na juu ya kijiti huweka jino la kauri lililofananishwa rangi na meno mengine.

Katika kila vipandikizi 100 vilivyowekwa vizuri, zaidi ya 90 huwa bado vimesimama baada ya miaka kumi. Lakini si vitu vya kusahauliwa. Jino la kauri halitobolewi na wadudu, ila ufizi unaolizunguka unaweza kuugua, na ugonjwa huo ukishuka hula mfupa mpaka parafujo ikalegea. Wavutao sigara, na wenye kisukari kisichotunzwa, wamo katika hatari zaidi. Na kwa kuwa zile nyuzi nilizozitaja hazipo, jino hilo halina hisia kamili. Jino la asili hutambua mara moja chembe ya mchanga katika wali, bali hili si hodari kwa kazi hiyo.

Sasa nirudi kwa baba. Wakati wa likizo alinichukua mpaka hospitali moja mjini, tukatajiwa bei. Ilikuwa karibu sawa na bei ya mtamba wetu, ambaye ndiye tuliyekuwa tunatazamia atatupa maziwa. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Daktari, mtamba huyo nitamwuza. Mtoto hawezi kwenda duniani na mlango wazi." Mimi nilitazama chini. Daktari, mama mtu mzima, alinitazama akaniuliza umri. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Akasema, "Mzee wangu, mwache mtamba wako azae. Hata ukinipa hela leo sitazipokea."

Alichukua karatasi akachora. Mvulana wa umri wangu bado anakua, akasema, na taya la juu hukua likishuka na kwenda mbele, likiyachukua meno yote. Meno ya asili yana zile nyuzi, nayo husogea pamoja na mfupa. Parafujo haina nyuzi. Imeshikana na mfupa moja kwa moja, haisogei hata unywele. Ikiwekwa mapema, meno ya jirani yataendelea kushuka, nalo jino la kauri litabaki juu, fupi, na ufizi wake umepanda, kama mtoto aliyeachwa nyuma na wenziwe njiani. Kulirekebisha ni kazi kubwa kuliko kungoja. Wasichana aghalabu humaliza kukua mapema. Wavulana wengi huendelea hata baada ya miaka 18, na kwa meno ya mbele ya juu madaktari wengine hupenda kungoja zaidi ya miaka 20. Yaani ile ile sifa ya kushikana na mfupa, iliyomfurahisha Brånemark, ndiyo iliyonizuia mimi.

Baba aliuliza swali ambalo mimi sikulifikiri: "Na huo mfupa uliosema hupungua, si utakuwa umekwisha?" Daktari alikubali kwamba ndivyo. Ningojapo, ukingo wa mfupa wangu unazidi kuwa mwembamba, na huenda siku ya kazi itabidi uongezwe kwanza kwa unga wa mfupa, jambo ambalo lina gharama na miezi yake. Hakuna njia isiyo na hasara. Kati ya hasara mbili alichagua ile inayoweza kutengenezwa.

Kwa hiyo ndiyo maana mnaniona bado na jino langu la kikombeni. Daktari alipiga picha ya taya na kuihifadhi, nami nitarudi Desemba baada ya mtihani apige nyingine, azilinganishe. Zikifanana, na zikafanana tena mwaka unaofuata, hapo atajua kwamba nimekoma kukua. Mtamba amekwisha zaa, ndama jike. Nami kila mwisho wa mwezi hujipima kwenye mwimo wa mlango wa bweni letu, nikapiga mstari kwa kalamu ya risasi. Wengine hujipima wakitamani kurefuka. Mstari wa mwezi uliopita uko juu ya ule wa mwanzo wa mwaka kwa upana wa kidole kimoja.